Mbwa wa Kulea, Mume wa Kubembeleza

Kuna watu wanakaa na mbwa miezi mitano, wakishamzoea wanamrudisha, halafu wanachukua mwingine. Hawalipwi. Je, ndoa ya watu wa pwani inaweza kubeba jambo hilo?

Wewe unayesoma hapa, kama umezaliwa Tanga, Mombasa au Unguja, hebu sema ukweli. Mbwa ulimjua vipi? Mimi nilimjua kama kitu cha kutupiwa jiwe. Mbwa alikuwa wa mlinzi, wa Mzungu, au wa jalalani. Mwenyeji wa nyumba alikuwa paka. Mbwa akikugusa tu na pua yake mbichi, mama anakurudisha uani ukakoge upya na nguo uvue. Na watu wakigombana mtaani, tusi la kufungia kazi unalijua mwenyewe.

Kwa hiyo naelewa utakavyoshangaa nikikwambia kwamba mimi na mume wangu, Waislamu wote wawili, yeye Mzanzibari wa Ng'ambo na mimi Mdigo wa Tanga, tulikaa na mbwa ndani ya nyumba yetu hapa Coventry, Uingereza, miezi mitano kasoro siku chache. Hakuwa wetu. Hatukupata hata senti. Mashosti zangu wa Dar nilipowaambia, mmoja aliniuliza kama nimerogwa.

Sijarogwa. Ni teksi ndo ilianza.

Abiria wa Jumamosi usiku

Mume wangu ni mhasibu, lakini wikiendi anaendesha teksi kama ndugu zetu wengi huku, maana kodi ya nyumba haina huruma. Jumamosi moja mwaka 2021 akaitwa kumchukua mama mmoja. Kufika, mama haoni, na pembeni yake kasimama bonge la mbwa jeusi.

Sheria ya huku anaijua. Kwa sheria ya usawa ya mwaka 2010, dereva wa teksi haruhusiwi kumkataa abiria mwenye mbwa wa msaada wala kumtoza zaidi, labda awe na cheti kwamba mbwa wanamdhuru kiafya. Dini haimo katika visamehe hivyo. Ukikataa unaweza kufikishwa mahakamani, na faini inafika pauni 1,000. Basi akafungua mlango. Mbwa akaingia, akajikunja miguuni pa yule mama, hakugusa kiti, na hakutoa sauti mpaka walipofika.

Yule mama alimshukuru kwa kusimama tu. Akamwambia wapo madereva wanaokuja, wanapunguza mwendo, wakimwona mbwa wanakanyaga mafuta. Yeye anasikia gari inakuja, anasikia inaondoka, anabaki palepale na baridi yake.

Mume wangu alirudi saa sita usiku, akanishusha kitandani nimshikie tochi aoshe zulia la gari. Anasugua, ananung'unika, na huku anasugua ananiambia, "Unajua yule mbwa alilelewa na watu baki? Eti wanajitolea tu. Wazungu bwana!"

Yeye alikuwa anasimulia kioja. Mimi sikulala usiku ule.

Kazi yenyewe ikoje

Nilianza kusoma. Kumbe habari hii ina umri mkubwa. Shule ya kwanza ya mbwa wa kuongoza wasioona ilifunguliwa Oldenburg, Ujerumani, mwaka 1916, kwa ajili ya wanajeshi waliopofuka katika Vita Kuu ya Kwanza. Marekani ikafuata mwaka 1929, baada ya mama mmoja anayeitwa Dorothy Harrison Eustis kuandika gazetini juu ya mbwa hao, na kijana asiyeona wa Tennessee, Morris Frank, kumwandikia barua kwamba na yeye anataka. Hapa Uingereza wa kwanza walikuwa mbwa wanne tu, waliokabidhiwa kwa watu wanne huko Wallasey mwaka 1931. Mambo ya kuwapeleka watoto wa mbwa wakalelewe majumbani yakaanza mwaka 1956.

Mpango wenyewe uko hivi. Mtoto wa mbwa, mara nyingi wa aina ya Labrador, golden retriever au mchanganyiko wa hao wawili, anachukuliwa na mlezi wa kujitolea akiwa na wiki kama nane. Anakaa naye mwaka na zaidi, anafundishwa adabu, anazungushwa kwenye maduka, mabasi na stesheni ili dunia isimtishe. Akishakua anaingia mafunzo ya kazi kituoni. Zamani wengi walilala kituoni humohumo kwenye mabanda, lakini mbwa aliyezoea nyumba akilala bandani anapata mawazo, na mbwa mwenye mawazo hafundishiki. Ndipo wanapotafutwa watu kama sisi. Asubuhi unampeleka "shule", jioni unamchukua, wikiendi anakuwa kwako. Chakula, kitanda chake, na daktari wa mifugo ni juu ya shirika. Wewe unatoa nyumba na muda.

Na wapo wa kazi nyingine pia. Wapo wa viziwi, wanaomgusa mtu wao mlango unapogongwa au king'ora cha moto kinapolia. Wapo wanaomwokotea funguo mtu wa kiti cha magurudumu, wakamfungulia na mashine ya kufulia. Mimi nilimtaka wa wasioona, kwa sababu ya yule mama wa teksi.

Alijibu Ijumaa

Nilimwambia mume wangu Jumanne. Alijibu Ijumaa. Katikati hapo tulisalimiana vizuri, tukala pamoja, na habari ya mbwa haikutajwa. Wenye ndoa mnakijua kimya cha namna hiyo.

Ijumaa akirudi msikitini akasema, "Haya, tuongee." Yeye ni Shafi kama watu wengi wa pwani, na kwa Shafi mbwa ni najisi nzito. Akilamba chombo kinaoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Akigusa nguo huku mmoja wao ana majimaji, ni hivyohivyo. Pia kuna suala la malaika na nyumba yenye mbwa. Hayo sikubishana nayo, na mimi ndo nilivyolelewa.

Lakini na mimi nilikuwa nimesoma. Nikamkumbusha kwamba hata hukumu hizo zina mbwa waliotolewa humo, wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa shamba, yaani mbwa mwenye kazi. Kwamba wenzetu wa madhehebu ya Maliki wanaona mbwa si najisi. Kwamba mkavu akigusa mkavu, hata kwetu, hakuna cha kuosha. Na kwamba mwaka 2008, hapo Leicester tu, kijana Mwislamu asiyeona aliruhusiwa kwenda msikitini na mbwa wake, baada ya baraza moja la sheria za Kiislamu la Uingereza kutoa ruhusa. Mbwa alitengewa mahali pake pa kungojea, penye kuswalia hakuingia. Kwa hiyo mashehe walishakaa wakalizungumza, tena muda mrefu.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema kitu ambacho sikukitarajia, "Mimi najisi naijua dawa yake, ni maji na udongo. Ninachoogopa ni mama akisikia."

Mama mkwe wangu, yaani. Anaishi Unguja, na alikuwa aje kwetu mwezi Novemba akae miezi miwili.

Tukapatana. Mbwa atakaa chini tu, jikoni na chumba cha nyuma, ngazini kiwekwe kigeti. Juu ni kwa kulala na kuswali. Mume wangu atakuwa na nguo za mbwa na nguo za swala, hazikutani hata kwenye kapu. Kinyesi naokota mimi. Yeye akanunua mwenyewe mfuko wa udongo wa bustani, akaufunga kwenye ndoo yenye mfuniko, akaweka nyuma ya mlango wa jikoni. Yule bibi wa shirika aliyekuja kukagua nyumba alidhani tunapenda maua.

Simba

Alikuja Septemba 2022. Jina lake la kweli silitaji, siku hizi yuko kazini na mwenyewe hajaniomba nimtangaze. Hapa tumwite Simba, jina la kila mbwa wa mtaani kwetu Tanga. Mweusi, kilo thelathini na ushee, ana macho ya mtu anayetaka kukopa.

Siku ya kwanza nilikaa naye jikoni nikaogopa kugeuka. Yeye kalala, kaweka kidevu sakafuni, ananitazama tu. Nilikuwa nimepewa filimbi. Mbwa hawa chakula chao kinakwenda na filimbi. Unaweka bakuli, anakaa, unapuliza, ndo anakula. Bila filimbi hagusi, na faida yake utaiona siku akiwa mbali uwanjani ukataka aje mbio. Kuna na neno la haja, unamwambia "busy, busy", anajisaidia palepale ulipompeleka, kabla hamjatoka. Nilicheka mpaka machozi. Lakini fikiri mtu asiyeona ataokotaje kinyesi kama mbwa anajisaidia popote anapojisikia?

Masharti mengine ni magumu kuliko unavyodhani, hasa kwetu sisi wenye mkono mwepesi wa kugawa. Usimpe chakula chako, hata kipande cha sambusa. Asipande kwenye makochi. Usimruhusu arukie wageni. Mbwa aliyezoea kuombaomba mezani atampeleka mtu wake kwenye meza za watu mgahawani, na aibu inakuwa ya yule asiyeona, wewe uliyemdekeza hupo.

Wakufunzi walinieleza jambo ambalo mpaka leo nalisimulia. Watu wengi tunadhani mbwa anasoma taa za barabarani. Hasomi. Nyekundu na kijani kwake hazina tofauti ya maana. Mwenye kuamua kuvuka ni mtu, anasikiliza magari, anaamuru "mbele". Kazi ya mbwa ni kusimama ukingoni, kwenda katikati ya njia, kukwepa vizuizi akipiga hesabu na upana wa mtu wake, hata urefu, kwa matawi yanayoning'inia. Na kazi kubwa kuliko zote ni kukataa. Mtu akisema mbele na gari inakuja kimyakimya, mbwa anagoma. Yaani anafundishwa utii miezi yote hiyo, na ndani ya utii anafundishwa wakati wa kutotii. Mume wangu aliposikia hilo alinyamaza kidogo, akasema kuna mabosi wangefaa kupelekwa kituo hicho.

Nyumba nayo ikabadilika. Mimi kazi yangu ni ya mchana, yeye wikiendi yuko barabarani, tulikuwa tumefika mahali tunaishi kwa meseji za "umekula?" na "usisahau maziwa". Simba alitakiwa atembezwe kila jioni, iwe mvua, iwe barafu. Wiki ya kwanza nilikwenda peke yangu. Wiki ya pili mume wangu akasema giza hili haliko salama, akaja, akatembea hatua tatu pembeni ya mbwa kama mtu asiyemjua. Kufika Oktoba ni yeye aliyekuwa anashika kamba, kwa glovu. Tulikuwa tunaongea nusu saa nzima, simu zimebaki nyumbani. Mimi nilijua mambo ya ofisini kwake ambayo alikuwa hajayasema mwaka mzima, moja wapo zito, la mtu aliyekuwa anamnyanyasa. Nyumbani asingelisema. Mkiwa mmekaa mnatazamana maneno mengine hayatoki.

Mama akafika

Shirika lilishatuambia kwamba tukihitaji mapumziko, Simba atapelekwa kwa mlezi mwingine kwa muda. Kwa hiyo njia ya mkato ilikuwepo. Mume wangu ndiye aliyekataa. Akampigia mama yake simu wiki mbili kabla, akamwambia yote.

Upande wa pili kukawa kimya. Halafu nikasikia sauti yake, "Jibwa? Ndani? Na lalala wapi?" Akaambiwa jikoni. "Na mimi n'takula wapi?"

Alikuja hivyohivyo. Tulimwandalia chumba cha mbele, akawa anakula na kuswali juu, na siku tano za mwanzo hakushuka kabisa Simba akiwa nyumbani. Mchana mbwa yuko shule, mama anashuka, anapika, anasafisha jiko lote upya kwa udongo wa mwanawe. Saa kumi na moja anapanda. Mimi roho iliniuma, kusema kweli. Mgeni wa heshima, mama wa mwenye nyumba, anajifungia kwa ajili ya mbwa. Nilishaandika ujumbe kwa shirika waje wamchukue. Ulikuwa bado kwenye simu.

Siku ya sita niliporudi na Simba nikamkuta mama kakaa kwenye ngazi, nyuma ya kigeti, kajifunika khanga mbili. Akasema, "Mlishe nione." Nikaweka bakuli. Simba akakaa. Mate yanamchuruzika, hagusi. Nikapuliza filimbi. Mama akatazama mpaka bakuli likaisha.

"Huyu mnampa nani?"

"Mtu asiyeona, mama. Atakuwa anamwongoza."

"Kila pahala?"

"Kila mahali. Sokoni, kazini, kwenye basi."

Akakaa kitambo. Ndo akanihadithia jambo ambalo hata mwanawe alikuwa halijui vizuri. Baba yake, babu wa mume wangu, alipofuka macho akiwa bado mtu mzima mwenye nguvu. Mama ndiye aliyekuwa mtoto wa kike mkubwa. Akatolewa chuoni na skuli, akawa anashika ncha ya mkongojo, baba yake anashika ncha nyingine. Msikitini, dukani, kwenye misiba. Tangu akiwa na miaka tisa mpaka alipoolewa. "Kazi hiyo niliifanya mimi," akasema. "Na mimi hakuna aliyeniuliza kama nataka."

Ule ujumbe niliufuta. Sitakudanganya kwamba mama alimpenda mbwa. Hakumgusa hata siku moja, na mpaka anaondoka khanga zake zilikuwa mbili. Lakini jioni alikuwa anashuka, anakaa kwenye ngazi ile, na akitaka kuniudhi ananiuliza mbona nimemchelewesha mwanafunzi chakula.

Na nyumbani je?

Baada ya hapo nimeulizwa sana kama jambo hili lingefaa Bongo. Afrika lipo. Afrika Kusini wana chama chao cha mbwa waongozaji tangu mwaka 1953. Kwetu mimi sijawahi kumwona mbwa wa namna hiyo kwa macho yangu. Watoto wanaoshika ncha ya fimbo nimewaona wengi, tena saa za shule.

Lakini sipendi kuwapamba watu. Mbwa wa kuongoza anataka njia ya kupita. Mlete Simba Kariakoo, mitaro iko wazi, bodaboda wanapanda juu ya njia ya miguu, wamachinga wametandaza, na mbwa wa mtaani wanakuja kumpiga wakiwa sita. Chakula chake kwa mwezi kinalisha familia. Mimi ningeanza na fimbo nyeupe na watu wa kufundisha kuitumia, nikafunika mitaro, na mtoto akarudi darasani. Mbwa angekuja baadaye, kama angehitajika.

Siku ya kumrudisha

Februari 2023 Simba alifaulu. Wanapomtafutia mtu hawaangalii foleni peke yake, ingawa foleni ni ndefu, hasa tangu mwaka 2020 korona ilipositisha mafunzo na hata uzalishaji wa mbwa kwa muda. Wanaangalia mwendo wa mtu ni wa haraka au wa polepole, urefu wake, anaishi mjini au kijijini. Ni kama ushenga. Simba alipata mtu mrefu anayetembea kwa kasi na anayepanda treni kila siku. Atafanya naye kazi mpaka kwenye miaka kumi hivi, halafu atastaafu.

Nililia kwenye maegesho ya gari, ndiyo. Mume wangu hakulia, alikaa nje ya nyumba ndani ya teksi kama dakika ishirini na redio imezimwa. Aliposhuka akaenda moja kwa moja kuosha bakuli. Mara saba. Nikamwambia mbona anarudi kituoni hilo. Akasema basi litarudi safi.

Wa pili hakufaulu. Alikuwa wa rangi ya dhahabu, mpole ajabu, lakini basi likipiga breki anatetemeka mwili mzima. Walijaribu wiki nyingi, wakaamua wasimlazimishe, sasa ni mbwa wa nyumbani wa familia yenye watoto. Hilo nalo ujue kabla hujajaza fomu, si kila mmoja anafika. Wa tatu alifika.

Kama unaishi huku na unafikiria, ongeeni kwanza ninyi wawili, na muongee mapema kabla mtu wa kukagua hajagonga mlango. Nani ataamka saa kumi na mbili Desemba? Nani ataokota? Wazazi wakija itakuwaje? Mwenye nyumba wenu anaruhusu mnyama? Mkiwa wote mnafanya kazi ya kutwa inawezekana, maana mchana yuko mafunzoni, ila jioni lazima mtu awepo. Ramadhani sisi tunaomba tupumzishwe, ni sharti la mume wangu na shirika halijawahi kulalamika. Sikukuu ikipita simu inalia.

Wa nne anakuja Jumatatu. Mume wangu kaomba awe na manyoya mafupi.